Parokia ikifungwa, kengele isigeuzwe chuma chakavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalosahaulika parokia inapofungwa. Ekaristi huondolewa kwa heshima na vitabu vya ubatizo hukabidhiwa parokia inayowapokea waamini, lakini kengele, kwa kuwa iko juu na ni nzito kuishusha, huachwa mnarani hadi jengo lipate mnunuzi, naye akaihesabu kuwa yake.

Kwa Wakatoliki, kanuni ya 1222 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 humruhusu askofu, akiisha kulisikiliza baraza la mapadre, kuliachia kanisa litumike kwa shughuli za kawaida zisizo za aibu. Hiyo yahusu jengo. Kengele iliyobarikiwa ina ulinzi wake katika kanuni ya 1171, inayoagiza kwamba vitu vilivyobarikiwa kwa ajili ya ibada vitunzwe kwa heshima, hata vikiwa mikononi mwa watu binafsi. Kuivunja kengele kwa nyundo na kuitia tanuruni si kuiheshimu.

Kishawishi nakielewa, kwa maana kengele nyingi zimetengenezwa kwa shaba na bati, kwa kawaida sehemu 78 kwa 22 katika kila 100, na madini yote mawili yana soko. Ni madini hayo hayo yaliyowafanya Wanazi wanyang'anye kengele zipatazo 175,000 katika Vita vya Pili vya Dunia, na takriban 150,000 hazikurudi. Leo hakuna vita inayotulazimisha.

Nimewahi kupanda mnara wa kanisa lililokuwa limefungwa. Kwenye mdomo wa kengele, pale ulimi wake ulipokuwa ukigonga, palikuwa na mabonde mawili yanayotazamana, laini kama kizingiti kilichokanyagwa miaka mingi. Mtu asiyejua angesema imekwisha, kumbe kengele ya namna hiyo huzungushwa kidogo ili ulimi ugonge mahali pazima, ikaendelea kulia. Hata iliyopasuka aghalabu huweza kuungwa na mafundi wenye ujuzi huo.

Kwa hiyo naomba kwamba, kabla mkataba wa kuuza kanisa lolote haujatiwa saini, kengele iorodheshwe peke yake: uzito wake, upana wa mdomo, sauti yake na maandishi yaliyochongwa juu yake. Kisha itolewe kwanza kwa parokia inayowapokea waamini wale, na isipohitajika huko, kwa kanisa changa lisilo na kengele. Uingereza kuna shirika la hisani liitwalo Keltek Trust linalozitafutia kengele kama hizi makanisa mapya, kwa hiyo kazi hii inawezekana. Makumbusho, kwa maoni yangu, yapokee zile tu zisizoweza kulia tena.

Na kabla ya kuishusha, waamini waitwe waisikie kwa mara ya mwisho mahali pake, na waelezwe ni siku gani itapigwa kwa mara ya kwanza kule inakokwenda, ili anayeweza aende akaisikilize.

Wako,
Msomaji