Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu, na tunaomba uutazame mwembe ulio nyuma ya bweni la wasichana. Mpasuko ule, ulioteremka kutoka kileleni hadi mizizini, si kazi ya shoka. Ni radi ya mwezi Machi, ambayo joto lake liliugeuza utomvu kuwa mvuke kufumba na kufumbua, gome likabanduka na kurushwa hadi mlangoni mwa bweni.

Ndugu Mgeni Rasmi, radi zetu huanzia ziwani. Usiku nchi kavu hupoa upesi huku maji ya Ziwa Victoria yakibaki na uvuguvugu, hivyo pepo za pande zote huelekea ziwani, hukutana huko na, kwa kukosa pa kwenda, hupanda juu. Ndiyo maana wavuvi wa dagaa hukumbwa na dhoruba usiku wa manane. Mchana upepo hugeuka, nasi wa nchi kavu tukapata zamu yetu alasiri. Ndani ya wingu, ambalo kimo chake huweza kupita kilomita 12, chembe za barafu hugongana na punje za mvua ya mawe: zilizo nyepesi hupanda na chaji chanya, nzito hubaki chini na chaji hasi, hadi umeme upasue hewa kwa joto la nyuzi 30,000 hivi.

Wapo wanaosema radi hutumwa, na bibi zetu bado hufunika vioo. Hatuwabezi. Lakini Oktoba 2018 radi iliwaua wanafunzi sita shuleni mkoani Geita, na sisi tunalala hatua nne tu kutoka kwenye mwembe huo. Umeme ukishuka kwenye mti husambaa ardhini. Ng'ombe, ambaye miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana, huupitisha mwilini, na kundi zima huweza kuanguka kwa pigo moja.

Bweni linahitaji ncha ya chuma juu ya paa, waya mnene wa shaba na fimbo za kuzamishwa ardhini. Wazazi wamekwishanunua fimbo. Tunakuomba utusaidie waya, ambao tutauficha ndani ya bomba, kwa kuwa shaba hapa kwetu haikai ukutani muda mrefu.

Tunaomba kuwasilisha.