Shule za kata zipimwe, na waliotoa ardhi waandikwe

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee maeneo ya shule zetu za kata, maana naona hili jambo linasemwa pale tu ugomvi ukishatokea.

Wengi tunakumbuka MMES, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ilivyoanza 2004, halafu 2006 Lowassa akiwa waziri mkuu likawa ni agizo la moto kabisa kila kata iwe na sekondari yake, na kweli zikajengwa tena chapchap. Serikali ilikuja na mabati na hela ya kumalizia lakini boma lilikuwa la wananchi, kila kaya ilipangiwa tofali zake, akina mama wamebeba maji na mchanga kichwani, vijana wanalala kwenye tanuru wanachochea moto, asiye na nguvu alitoa mchango. Na eneo je? Sehemu nyingi ni mzee mmoja au ukoo mmoja ulisimama mkutanoni ukasema chukueni kuanzia ule mwembe mpaka korongoni, watu wakapiga makofi, imeisha hiyo. Hakuna aliyeandika.

Sasa mzee katangulia mbele ya haki, mwembe ulishakatwa, viwanja vimepanda bei na wanae wanasema baba alitoa kipande kidogo tu sio chote hicho. Kuna shule naijua vizuri, nusu ya uwanja wa mpira imelimwa mahindi na nyuma ya vyoo mtu kashachimba msingi wa nyumba, mkuu wa shule ni mgeni kahamishiwa juzijuzi, atabishana na nani wakati ofisini hana hata karatasi moja? Na hao watoto wa mzee siwalaumu sana, jina la baba yao halipo popote pale shuleni, jiwe la msingi lina jina la kiongozi aliyekuja kukata utepe. Hiyo inauma jamani.

Na hizi shule bado zinakua. Ada iliondolewa mpaka kidato cha nne 2016, 2022 ikaondolewa na ya kidato cha tano na sita, watoto wamefurika, nyingine zinaomba kuwa na kidato cha tano na mara nyingi hicho kinahitaji mabweni, sasa bweni utaliweka wapi kama eneo limeshamegwa? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilianza 1961 kwenye jengo la TANU pale Lumumba, kilipata kupanuka kwa sababu kilipewa Mlimani kikahamia 1964.

Halmashauri ziache kusubiri kesi. Maafisa ardhi waje wapime, bikoni za mipaka zichimbiwe, hati itoke kwa jina la shule, na kwa shule za vijijini mkutano mkuu wa kijiji ukae uweke muhtasari na eneo liingie kwenye masjala ya ardhi ya kijiji kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inavyotaka. Wazee waliokuwepo kwenye ile mikutano bado wapo, wachache lakini wapo, waitwe mwaka huu huu watembee na vijana wa kupima waonyeshe mipaka ilipopita. Na rangi ya kuandika majina ya waliotoa ardhi kwenye ukuta wa ofisi haihitaji bajeti ya wizara, bodi ya shule inaiweza.

Mzazi na mjumbe wa bodi ya shule ya kata