Si kweli kwamba "alipoteza kumbukumbu zote"

Mhariri,

Makala yenu juu ya Henry Molaison, yule Mmarekani aliyeondolewa sehemu ya ubongo mwaka 1953 ili atibiwe kifafa, nimeisoma mara mbili. Imeandikwa vizuri, ila kuna maneno yaliyonichoma: "alipoteza kumbukumbu zake zote". Hakuzipoteza zote. Na aliyetuonyesha hivyo, Brenda Milner, hakutajwa popote katika kurasa zote tatu.

Milner alizaliwa Manchester mwaka 1918, akasoma saikolojia Cambridge, kisha mwaka 1944, vita vikiendelea, akahamia Kanada. Mjini Montreal kazi yake ilikuwa kuwapima wagonjwa wa kifafa waliopasuliwa na Wilder Penfield. Wawili kati yao walikatwa upande mmoja tu wa ubongo, lakini wakawa hawashiki jambo lolote jipya. Kwa nini wao, na si wengine wengi waliopasuliwa vilevile? Milner na Penfield wakasema lazima upande wa pili ulikuwa umekwisha kuharibika zamani bila mtu kujua. Mmoja wa wagonjwa hao alifariki mwaka 1964, ubongo wake ukachunguzwa, na hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayoshika mambo mapya, ya upande ambao kisu hakikuugusa ikakutwa imesinyaa. Jibu hilo walilingoja karibu miaka 10, na mimi namheshimu sana mtu anayeweza kungoja namna hiyo.

Ripoti ya wagonjwa hao wawili ndiyo iliyomfikia William Scoville, daktari aliyemkata Henry pande zote mbili, akapiga simu Montreal. Milner akapanda treni hadi Hartford kumpima Henry. Matokeo waliyachapisha pamoja mwaka 1957, na jina la Henry likabaki herufi mbili tu, H.M., hadi alipofariki mwaka 2008.

Vifaa vya Milner vilikuwa karatasi, penseli na subira. Siku moja alimwambia Henry aishike namba 584, akamwacha peke yake. Dakika 15 baadaye Henry alikuwa bado anayo, maana muda wote alikuwa akiizungusha kichwani. Walipozungumza jambo jingine kidogo, namba ikapotea, na Henry hakukumbuka hata kwamba aliwahi kupewa namba.

Mngeishia hapo mngekuwa na haki ya kuandika mlivyoandika. Lakini Milner alimpa pia nyota iliyochorwa kwa mistari miwili, mmoja ndani ya mwingine, apitishe penseli katikati huku mkono wake akiuona kwenye kioo tu. Jaribuni hapo ofisini: mkono unakwenda kinyume kabisa na unavyoutuma. Henry alirudia kwa siku tatu. Kila siku aliona kwamba hajawahi kuifanya kazi hiyo, na kila siku makosa yalipungua, hadi siku ya tatu mstari wake ukawa karibu hauna dosari. Mwenyewe alishangaa kuona ni rahisi kuliko alivyodhani. Mkono ulikuwa umejifunza bila yeye kujua. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba kukumbuka tukio ni kazi moja ya ubongo, na kuzoea ufundi ni kazi nyingine, kila moja na mahali pake.

Naandika kwa uchungu kwa sababu maneno kama hayo yenu niliwahi kuyaamini. Mama yangu alikuwa fundi wa kushona. Alipoanza kutusahau majina, daktari mmoja alituambia hakuna kilichobaki, na mimi mwenyewe nikaifunika cherehani yake na kuisukuma nyuma ya kabati. Ilikaa huko miaka miwili. Siku niliyosoma habari za ile nyota nilikwenda kuitoa. Mama aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, kisha akaketi, akalamba ncha ya uzi, akautunga kwenye sindano mara ya kwanza, na mguu ukaanza kukanyaga. Akashona mshono ulionyooka ukingo mzima wa shuka. Alipofika mwisho alikata uzi kwa meno, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo, na akaniuliza tena mimi ni mtoto wa nani.

Najua ugonjwa wa mama si jeraha la Henry. Wake unaendelea, na ipo siku hata mikono itasahau. Lakini ile miaka miwili ya cherehani kufichwa haikuletwa na ugonjwa. Niliileta mimi, kwa kuamini kwamba kumbukumbu ni kitu kimoja, ama unacho ama huna.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Sahihisheni sentensi ile katika toleo lijalo, kwa sababu kuna nyumba nyingine zinazoisoma zikiwa na mgonjwa chumba cha pili. Na mwandikeni Milner, aliyekuwa bado kazini akiwa amepita umri wa miaka 90 na kupewa Tuzo ya Kavli, tuzo kubwa ya kimataifa ya sayansi, mwaka 2014. Hiyo makala nitaisoma kwa sauti, mama akiwa anashona.

Msomaji wenu wa siku nyingi