Sarafu inapopanda, wanaotuma fedha nyumbani wasisahaulike

Mhariri,

Kila sarafu ya taifa inapopanda thamani, hushangiliwa kana kwamba kila mwananchi ameongezwa mshahara. Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee wanaoumizwa na shangwe hiyo.

Tuitazame Ufilipino. Mwaka 2005 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa takriban peso 55. Kufikia mwisho wa 2007 dola hiyo ilileta karibu peso 41 tu, kwa kuwa peso ilikuwa imepanda thamani. Mama anayelea watoto wa wenzake ughaibuni, aliyetuma dola 300 zilezile kila mwezi, aliifikishia familia yake peso 12,300 badala ya 16,500, ilhali kodi ya nyumba na karo hazikumsubiri. Ni kweli kwamba sarafu imara hupunguza gharama ya mafuta na bidhaa zinazoagizwa kutoka nje, lakini nafuu hiyo huchelewa mno kufika jikoni.

Hali ni hiyo hiyo kwa vijana wanaopokea simu za wateja wa ng'ambo usiku kucha, kwa kuwa mwajiri wao hulipwa kwa dola na kutoa mishahara kwa sarafu ya nyumbani, na faida ikimponyoka husitisha ajira mpya, huku mteja akianza kutafuta nchi nyingine iliyo rahisi zaidi.

Serikali ya Ufilipino imewahi kuwaita wahamiaji wanaotuma fedha nyumbani mashujaa wapya. Basi serikali zote zinazotegemea jasho lao zianze kwa kushusha ada za kutuma fedha, ambazo humkata mtu hata kabla hajafikia kiwango cha ubadilishaji.

Msomaji wako