Beji zetu za mionzi zimelala kabatini

Kwa Mhariri,

Mimi ni muuguzi katika chumba cha kuzibulia mishipa ya moyo, kwenye hospitali moja hapa Mombasa. Mgonjwa akishalazwa mezani, eksirei huwashwa ili daktari auone mrija mwembamba unaopenya mshipani kuelekea moyoni. Mgonjwa huyo pengine hatarudi tena pale. Sisi tutarudi kesho, na keshokutwa.

Mionzi inayotupata sisi, sehemu kubwa hutoka kwa mgonjwa mwenyewe: ikimgonga mwilini hutawanyika kila upande. Ukisimama mbali mara mbili, inayokufikia hupungua hadi kama robo. Daktari hawezi kujitenga, lakini mbele yake kuna kioo chenye madini ya risasi, yanayozuia mionzi, kinachoning'inia kutoka darini. Muuguzi anayeinama upande wa pili kumdunga mgonjwa dawa hana kioo.

Linaloniuma zaidi ni beji. Kila mmoja wetu amepewa beji ya kupimia mionzi, na wenzangu wengi huiacha kabatini. Si uzembe. Wanaogopa kipimo kikipanda wataondolewa chumbani na marupurupu yaende. Basi beji inakaa gizani, inasoma kama sifuri, na hiyo sifuri ndiyo inayoingia kwenye faili. Siku mtu akipata mtoto wa jicho, karatasi zitasema hakuguswa na kitu.

Na jicho si jambo dogo. Mwaka 2011 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi ilishusha kikomo cha mionzi kwenye lenzi ya jicho kwa wafanyakazi kutoka milisivati (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) 150 kwa mwaka hadi 20, kwa wastani wa miaka 5, kwa kuwa madhara yalionekana kuanza kwa mionzi michache kuliko ilivyodhaniwa. Kwetu miwani ya risasi iko miwili tu, yote ya madaktari.

Naziomba hospitali zitusomee vipimo vyetu kila vinaporudi, na asikatwe mtu posho kwa sababu beji yake imesema kweli. Mamlaka ya kudhibiti nyuklia tunayo, kwa sheria ya mwaka 2019. Wakaguzi wake wakija wasiishie kwenye mashine. Wazipige eksirei aproni zetu, maana aproni ya risasi ikikunjwakunjwa hupasuka ndani na nje ukaiona nzima. Kisha wafungue makabati, wahesabu beji.

Muuguzi,
Kisauni, Mombasa