Vigingi vya mpaka viwekwe Manguo maji yakiwa yamejaa

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wasomaji, hasa wakazi wenzangu wa Limuru, kuhusu bata mmoja ambaye wengi wetu humpita tukiwa ndani ya matatu katika barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru bila kujua kwamba yupo. Ndege huyo, ambaye wataalamu humwita Oxyura maccoa, hupatikana mashariki na kusini mwa Afrika tu, idadi yake inazidi kupungua, na jina lake limo katika orodha ya kimataifa ya viumbe vinavyokabiliwa na hatari ya kutoweka.

Jumamosi moja asubuhi nilimwona dume katika bwawa la Manguo, nikitumia darubini ya kuazima. Mwili wake ulikuwa wa hudhurungi iliyoiva, kichwa cheusi, mdomo wa buluu uliokoza kana kwamba umepakwa rangi jana, na mkia mgumu uliosimama wima. Alipiga mbizi, nikahesabu hadi kumi na tano, akaibuka kando ya kukuziwa wawili waliokuwa wakigombana. Bata huyu hujitafutia riziki chini kabisa, kwenye tope, akichuja viluwiluwi vya wadudu na konokono wadogo, ndiyo maana uchafu unaotuama humo humdhuru. Jike naye hutaga katikati ya matete, akiyakunja majani yake kuwa kiota juu ya maji.

Manguo haina ukingo wa kudumu. Masika hulitanua bwawa, kiangazi hulirudisha nyuma, na ardhi inayoachwa wazi huonekana kuwa haina mwenyewe. Nimeona malori yakimwaga kifusi mahali palipokuwa na maji mwaka uliotangulia, na matete yakifyekwa yote kwa ajili ya ng'ombe. Siwalaumu wafugaji, maana lishe ni ghali, lakini yangeweza kukatwa kwa zamu, upande mmoja ukiachwa mpaka vifaranga waanze kuogelea.

Ninaisihi serikali ya kaunti, pamoja na wote wanaosimamia ardhioevu, iweke vigingi vya mpaka pale maji yanapofika wakati wa mvua nyingi, wala si pale yanapoishia mwezi wa Februari. Kazi hiyo ifanyike mara tu masika yanapokwisha, na wazee waliokulia kando ya bwawa hili waitwe waonyeshe lilikofika zamani.

Mpenda ndege,
Limuru