Barua ya wazi kwa Mkuu wa Shule: tunaomba nembo moja

Mheshimiwa Profesa,

Shikamoo. Ninaandika waziwazi kwa sababu barua za kawaida nimeshakuletea, nikapita ngazi zote zinazotakiwa, na zote zimeishia kwenye trei ya katibu muhtasi wako. Siandiki kwa dharau. Ninakuheshimu, na Shule hii, iliyo ndani ya Chuo Kikuu chetu, ninaipenda. Nimeandaa machapisho yake kwa miaka tisa. Lakini kilichotokea Jumatatu iliyopita kimemaliza subira yangu.

Asubuhi hiyo alikuja mezani kwangu binti mmoja aliyehitimu mwaka jana. Ameomba ufadhili wa shahada ya uzamili nje ya nchi, na pamoja na maombi yake alituma barua mbili kutoka kwetu: moja ya idara aliyosoma, nyingine ya ofisi ya mitihani. Waliozipokea wakamwandikia kumtaka aeleze kwa nini barua mbili za Shule moja zina nembo mbili tofauti, na ipi ndiyo halali.

Nilizilaza karatasi zote mbili mezani. Kwenye ile ya idara ngao ni ya buluu iliyokolea, mwenge umesimama juu ya kitabu kilichofunguliwa, na jina la Shule liko chini. Kwenye ile ya mitihani ngao imevutwa pembeni hadi upana umezidi urefu, buluu imekuwa zambarau, mwenge umehamia kulia, na jina limepanda juu kwa herufi za aina nyingine kabisa. Barua zote mbili ni halali. Zote zimesainiwa na watu wetu. Lakini mimi mwenyewe, kama ningekuwa mgeni ninayezipokea kule, ningesema moja imeghushiwa.

Binti akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa mama, mimi kosa langu liko wapi?"

Nilimwahidi barua ya uthibitisho. Nikawasha kompyuta, nikaandika aya mbili, halafu nikakwama. Juu ya barua hiyo niweke nembo ipi? Nikiweka ya idara, nimeikana ofisi ya mitihani. Nikiweka ya mitihani, nimeikana idara. Nilifungua folda yangu nikahesabu: nina matoleo 11 ya nembo ya Shule moja. Mwishowe niliichapa barua bila nembo yoyote, nikagonga mhuri, nikaomba radhi kwa niaba ya taasisi nzima. Siku ya mwisho aliyopewa kujibu ilikuwa Alhamisi. Mpaka ninapoandika haya hajajibiwa.

Profesa, naomba nikukumbushe jambo. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo uliopita, kwenye kikao cha watumishi wote, ulisema mwongozo wa matumizi ya nembo utatoka kabla muhula haujaisha. Tulipiga makofi. Niliyaandika maneno yako kwenye daftari langu na kuyapigia mstari. Muhula ule uliisha, ukaja mwingine ukaisha, na sasa tuko katikati ya wa tatu. Ahadi ni deni, na deni hili wanalilipa watu ambao hawakulikopa.

Nimesikia ikisemwa kwenye korido kwamba hili ni suala la urembo, kwamba kuna mambo mazito zaidi: madarasa, mitihani, utafiti. Sibishani na uzito wa mambo hayo. Lakini mtu aliye mbali haoni madarasa yetu. Anaona karatasi. Kitu cha kwanza anachokitazama kwenye karatasi ni nembo, na kitu cha kwanza anachojiuliza ni kama ameshawahi kuiona hivyo hivyo mahali pengine. Nembo inaaminika kwa kurudiwa bila kubadilika. Ukiibadilisha kila wiki, hata kama kila toleo lina uzuri wake, umempa mwenye kughushi mlango uliofunguliwa, maana hakuna atakayejua lipi la kweli.

Ngoja nieleze tunavyoharibikiwa, kwa sababu nadhani hapo ndipo viongozi wengi hawajapata kuelezwa.

Nembo inayozunguka ofisini kwetu si nembo, ni picha ya nembo. Ni faili la JPEG lenye upana wa pikseli 240, yaani vitone 240 vya picha. Kazi ya kuchapa inataka vitone 300 kwa kila inchi. Maana yake picha hiyo inatosha upana wa sentimita 2 tu. Ukizidisha hapo, ukungu unaanza. Kwenye maonyesho ya mwezi uliopita ilikuzwa hadi sentimita 60 juu ya bango la kusimama. Kila pikseli ikawa na upana wa milimita 2.5. Nilisimama mbele ya bango lile nikaweka kidole kwenye kitabu kilichomo ndani ya ngao: mistari mitano ya kila ukurasa imeungana kuwa doa moja la kijivu, na kaulimbiu yetu haisomeki hata ukiisogelea. Pembeni ya bango lilisimama bango jingine, la idara yetu nyingine, lenye ngao ya kijani. Mzazi mmoja akaniuliza kama hizo ni shule mbili.

JPEG haina uwazi nyuma ya picha. Ukiiweka juu ya rangi yoyote isiyo nyeupe, inakuja na kiboksi chake cheupe, kama kiraka kilichoshonwa kwenye nguo ya rangi nyingine. Ndiyo maana mabango yetu yote ya buluu yana kiraka hicho. Kuna faili la PNG ambalo linaweza kuwa na uwazi, na juu ya hayo yote kuna mchoro wa vekta, yaani SVG, EPS au PDF iliyotoka kwa msanifu mwenyewe, ambao haukuhifadhiwa kwa vitone bali kwa mistari na mikunjo inayokokotolewa upya kila unapobadilisha ukubwa. Huo ukiuweka kwenye kalamu unatosha, ukiuweka kwenye ukuta wa ghorofa unatosha. Shule hii iliwahi kumlipa msanifu akatuchorea nembo, kwa hiyo mchoro huo uliwahi kuwepo. Kwa miaka tisa sijauona.

Uko wapi? Mimi nahisi ulibaki kwenye kompyuta ya mtu aliyehama, na aliyempokea hakukabidhiwa. Huenda pia msanifu anao mpaka leo na hakuna aliyewahi kumpigia simu. Tangu hapo kila idara inajitafutia. Mmoja anakata nembo kutoka kwenye barua ya zamani, mwingine anaipiga picha kwa simu, wa tatu anaipokea kupitia WhatsApp ikiwa imeshabanwa mara nne. Hao si wavivu. Wamepewa kazi ya kutoa saa nane mchana na hawana pa kuipata nembo. Nahisi pia wapo wakuu wa idara wanaohofia kwamba mwongozo utawanyang'anya sura yao. Nao wanastahili kuambiwa wazi kwamba jina la idara litaandikwa chini ya nembo, mahali palipopangwa, na litaonekana vizuri kuliko linavyoonekana sasa.

Rangi nayo. Buluu yetu inaonekana vizuri kwenye skrini kwa sababu skrini inatumia mwanga, nyekundu, kijani na buluu. Mchapaji anatumia wino wa rangi nne, na buluu ikichanganywa na wino mwekundu mwingi kupita kiasi inatoka zambarau. Hivyo ndivyo ilivyokuwa barua ya yule binti. Dawa yake ni kuiandika rangi kwa namba, ili mchapaji asikisie. Chuo Kikuu cha Oxford buluu yao wameiandika: Pantone 282, namba ya rangi katika orodha wanayoitumia wachapaji. Yeyote anayewachapia, popote alipo, anafungua kitabu cha rangi na kuikuta. Sisi mchapaji akinipigia kuniuliza, namjibu "buluu ya kukolea," kisha nakaa na wasiwasi mpaka kazi irudi. Safari moja vipeperushi vilirudi na rangi ya maji ya bahari, ikabidi tuchape upya. Lawama zilinijia mimi, kwa maandishi, na nakala ikawekwa kwenye jalada langu.

Hapo, Profesa, ndipo panaponiuma zaidi. Barua ile ya onyo ilikuja kwangu ikiwa na nembo iliyovutwa. Nililaumiwa kwa kutofuata kiwango ambacho hakuna aliyewahi kukiandika.

Sasa nasikia imeundwa kamati, na kwamba kamati inataka nembo mpya. Nakuomba sana usikubali. Hatuna shida na nembo tuliyo nayo. Wahitimu wetu wanayo kwenye vyeti vyao ukutani. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha California kilileta alama mpya iliyorahisishwa. Wanafunzi na wahitimu wakaipinga, zaidi ya watu 50,000 wakasaini kuikataa, na Desemba ya mwaka huohuo uongozi ukasimamisha matumizi yake. Watu hushikamana na alama ya chuo chao kuliko viongozi wanavyodhani. Ikiwa mchoro wa asili umepotea kabisa, apewe msanifu mzuri kazi ya kuunakili upya, mstari kwa mstari, kutoka kwenye nakala iliyo safi kuliko zote. Kunakili si kubuni. Na kazi hiyo haingoji kamati ya watu kumi na wawili.

Mwongozo wenyewe hauhitaji kuwa kitabu. Kurasa mbili zinatosha. Useme nembo haivutwi, hainyooshwi, haibadilishwi rangi, haiwekewi kivuli. Useme kuna toleo la rangi, toleo jeupe kwa mandhari yenye giza, na toleo jeusi kwa fomu zinazotolewa kopi, kwa sababu buluu yetu kwenye mashine ya kopi inageuka giza tupu na kitabu kinamezwa. Useme nafasi ya kuachwa wazi kuizunguka, tuseme sawa na urefu wa mwenge, ili jina la mfadhili lisibanwe kwenye ngao kama lilivyobanwa kwenye ratiba ya kongamano. Useme ukubwa ambao haishuki chini yake, kwa sababu kaulimbiu ikishakuwa vumbi ni heri litumike toleo lisilo nayo. Useme ipi inatangulia tukiwa na nembo ya Chuo Kikuu na ya Shule kwenye ukurasa mmoja. Na useme mhuri wa Shule ni kitu kingine, wa vyeti na nyaraka rasmi, hauchapwi kwenye fulana za bonanza. Nilishauona kwenye fulana.

Halafu atajwe mtu mmoja wa kuulizwa. Leo wanafunzi wa chama wakitaka kutumia nembo wanatumwa kwangu, mimi nawatuma ofisi ya mawasiliano ya Chuo, ofisi hiyo inasema ni suala la Shule, na wanarudi kwangu jioni wamechoka, wameshaichora wenyewe.

Rasimu ya kurasa hizo mbili niliiandika mwenyewe, usiku, nyumbani, mwaka jana. Iko kwenye trei ya katibu wako, ndani ya bahasha ya kaki yenye jina langu. Sidai malipo yake wala kutajwa. Irekebisheni, ikateni, iandikeni upya kama haifai. Ninachokosa ni saini yako, kwa sababu bila saini yako nikimwambia mkuu wa idara kwamba ngao yake ya kijani haikubaliki, ananiuliza nani kasema, na sina la kumjibu.

Nimeomba mambo mengi, najua, na huenda ndiyo maana hayakusogea. Basi yaache yote kwa sasa, niombe moja tu. Mpigie simu msanifu yule. Jina lake na mkataba wake viko kwenye majalada ya ofisi yako, mimi sina ruhusa ya kuyafungua. Muombe faili la asili. Nipe hilo faili.

Kwenye kompyuta ya ofisi nimeshatengeneza folda ambayo kila idara inaweza kuifikia. Nimeiita "Nembo rasmi ya Shule". Yule binti alipokuwa amekaa mbele yangu niliifungua kwa mazoea, akaona pamoja nami kwamba ndani hamna kitu.

Wako mtiifu,
Afisa Machapisho wa Shule